Dogo kafuta folda Dodoma, dukani kwangu Mbagala pakabaki patupu

Jumatatu moja nimefungua duka saa mbili asubuhi, mteja wa kwanza kashasimama anataka risala yake ya harusi niliyomchapia ijumaa, nafungua folda langu la KAZI, hamna kitu. Tupu kabisa. Nikazima nikawasha, bado tupu, mteja ananiangalia mi namwangalia.

Nina steshenari ndogo, kuchapa, kutoa kopi, picha za pasipoti, kadi za harusi na vipaimara. Kompyuta ziko tatu, deskitopu ya dukani, laptopu yangu ya nyumbani na laptopu ya mdogo wangu anayesoma Dodoma, maana yeye ndo fundi wa kudizaini kadi, mi nampa majina na tarehe mchana yeye anafanya usiku, asubuhi nakuta kazi ipo nabonyeza printa tu.

Zamani tulikua tunatumia flashi, na kama umewahi kukaa steshenari unajua flashi za wateja zinakuja na nini, kile kirusi kinachogeuza mafolda yote kuwa shotikati, yani unabaki na alama tu, folda lenyewe limefichwa, flashi moja ikiumwa zinaumwa zote. Hata huyo Drew Houston aliyeanzisha Dropbox mwaka 2007, ile huduma ya kuweka mafaili mtandaoni uyapate kwenye kila kompyuta yako, hadithi anayosimulia ni kwamba alipanda basi kutoka Boston kwenda New York, kufika kwenye siti anagundua flashi kaiacha nyumbani. Basi na mi nikaanza na Dropbox, ila bure unapewa GB 2 tu na toka 2019 mwisho vifaa vitatu, kompyuta na simu jumla, na mi simu nayo naitaka, nikahamia Google Drive yenye GB 15. Hizo 15 usizifurahie sana lakini, emeli na picha za simu ukizipandisha Google zinakula humohumo.

Turudi kwa dogo. Kosa langu la kwanza nilimpa akaunti yangu, paswedi na kila kitu, kompyuta zote tatu zinajua ni mtu mmoja. Kosa la pili niliweka ule mtindo wa kuakisi, yani mafaili yote yanakaa kamili kwenye kila mashine. Sasa laptopu yake ina diski ndogo, ikaanza kulia imejaa, jumapili usiku dogo akaona folda la KAZI lina GB 6, akasema si yapo kwa bro dukani, akafuta yote yaliyomo. Na Drive ikatii, ndo kazi yake hiyo, ukiandika huku inaandika kule, ukifuta huku inafuta kule. Mi miezi yote nilikua najua nina kopi tatu kumbe nina kopi moja inayoonekana sehemu tatu!

Nilichotakiwa kumwekea ni ule mtindo mwingine, faili linabaki juu mtandaoni, kwenye kompyuta unaliona jina tu, linashuka ukilifungua. Diski yake isingejaa na tusingefika huku.

Kilichoniokoa ni Tupio. Unaingia Drive kwa brauza, unafungua Tupio, vilivyofutwa vinakaa humo siku 30 ndo vinapotea jumla. Nikakuta mafaili yote yapo nikayarudisha, nikashukuru Mungu, ila nikasahau kusimamisha kusinki, yani ile Drive kulinganisha mafaili huku na kule, kwa hiyo deskitopu ikaanza kushusha GB 6 zote upya kwa bando la simu, kabla ya saa sita mchana bando la wiki kwisha habari yake. Ukitumia bando la simu, bonyeza kusimamisha kwanza ndo ufanye mengine. Na kama kompyuta zako ziko chumba kimoja, Dropbox inaweza kuzipasia mafaili zenyewe kwa zenyewe kwenye waifai bila kila moja kuvuta mtandaoni, na kuna programu ya Syncthing inayopasia mafaili kompyuta kwa kompyuta hata zikiwa mbali, bila kampuni yoyote kuyatunza katikati, ila hiyo lazima inayotuma na inayopokea ziwe zimewashwa kwa wakati mmoja, na mimi na dogo hatukai macho pamoja.

Siku hizi dogo ana akaunti yake, nimemshirikisha folda la KADI peke yake. Vyeti vya kuzaliwa na sivii za watu havioni, na hivyo sivitumi kabisa kwa ile linki inayofunguka kwa yeyote aliyeipata, ikishaingia grupu la WhatsApp hujui imefika kwa nani. Na kila ijumaa jioni nakopi KAZI yote kwenye hard disk ya nje, naichomoa naifungia kwenye droo na risiti. Dogo ananicheka, ananiita mzee wa flashi.

Yule mteja wa risala hakusubiri. Alirudi saa kumi jioni, kachapiwa upya duka la jirani, printa yao imegoma, kanishikisha flashi nimtolee. Nachomeka, mafolda yote shotikati.