Usiku wa Pani, Charlotte Street

Januari 2018 nilikuwa nimemaliza masomo Toronto, na akiba iliyobaki nikaamua kuimalizia Trinidad, kisiwa cha Karibi, kabla ya kurudi Tanga. Mama niliyepanga kwake alikuwa mzaliwa wa kisiwa hicho. Alinipa namba ya binamu yake anayeishi Curepe, mashariki ya mji mkuu, Port of Spain, jirani na chuo kikuu cha West Indies. Binamu akanipa chumba, ufunguo na agizo moja: asubuhi nisile kitu ndani ya nyumba.

Siku ninayoisimulia ilikuwa Alhamisi. Jua lilikuwa bado halijachomoza vizuri na pale njia panda ya Curepe watu walishajaa kuzizunguka meza za wauza doubles. Wanafunzi wa sare, askari, mzee wa suti na tai, vijana waliotoka zamu ya usiku. Hakuna foleni ya kueleweka, ila hakuna anayepitwa. Muuzaji anatandika karatasi kiganjani, anapachika bara mbili, vimikate laini vya ngano na manjano vilivyokaangwa, anazimwagia dengu za mchuzi wa bizari, halafu tango, ukwaju, na rojo ya jani wanaloliita shado beni, lenye harufu ya kotmiri iliyozidi ukali. Mwisho anakuuliza swali moja tu: pilipili kidogo au nyingi? Pilipili yenyewe ni ileile tunayoiita pilipili mbuzi.

"Kidogo, kaka."

"Kidogo kwa ndugu yangu," akasema, na mkono ukawa umeshahamia kwa mwingine.

Unakula ukiwa umesimama, umeinama mbele ili mchuzi usikuchafue kifua, bila kijiko. Unaongeza ya pili, ya tatu ukitaka, na hulipi mpaka utosheke. Muuzaji ana watu ishirini mbele yake na anajua nani kala ngapi. Nilimtazama akipokea pesa na kurudisha chenji bila kuandika chochote, na sikuona mtu hata mmoja akibishana naye.

Ladha ile haikunishangaza, nami nilishangaa kwamba haikunishangaza. Wahindi wa kwanza wa mikataba walifika Trinidad tarehe 30 Mei 1845 kwa meli ya Fatel Razack, kulima miwa katika mashamba ambayo watumwa walioachwa huru hawakutaka tena kuyarudia. Waliendelea kuletwa mpaka 1917. Bara Hindi hilohilo ndilo lililoleta mafundi na vibarua wa reli Mombasa kuanzia 1896, na mtu aliyekua anakula bhajia na kachori za vibarazani Tanga anautambua mkono huo popote utakapomfuata. Ila doubles ni zao wenyewe. Familia ya Deen ya Princes Town, kusini mwa kisiwa, ndiyo inayotajwa kuzianzisha miaka ya 1930, na huko India hutaziuliza ukazipata.

Kutoka Curepe hadi mjini unapanda maksi. Ni mabasi madogo meupe yenye mstari wa rangi ubavuni: mwekundu ni wa njia ya mashariki, wa manjano ni wa mjini na magharibi, wa kijani ni wa kuelekea Chaguanas na San Fernando. Maksi za mstari mwekundu zina raha moja kubwa. Treni za Trinidad zilikoma mwaka 1968, na pale palipokuwa na reli ya mashariki pakawekwa lami, ikawa barabara ya mabasi na maksi. Magari ya watu binafsi yamekwama kwenye barabara kuu, ninyi mnapita nyuma ya nyumba za watu, karibu na kamba za kuanikia nguo, mnakwenda.

Kilichonigusa zaidi ni salamu. Kila aliyepanda alilisalimia gari zima, si dereva peke yake, na gari zima likamjibu. Asiyesalimia, binamu alikuwa ameniambia, huonekana hakulelewa. Nikasalimia. Nikajibiwa na watu wapatao ishirini kwa mpigo mmoja, nikakaa kando ya mama wa makamo aliyevaa nguo za ofisini, na mkoba wake mapajani ukiwa umechomoza vijiti viwili vilivyofungwa mpira kwenye ncha.

"Mama, unapiga pani, ngoma hii yenu ya chuma?"

"Pani ndogo, ile ya sauti ya juu. Tangu nikiwa msichana wa shule." Akalitazama begi langu la mgongoni. "Wewe umetoka wapi, mwanangu?"

Nilipomwambia Tanzania, aliuliza maswali mazuri: tunakula nini, tunapiga ngoma gani, na kama huko kwetu mtu akipiga ngoma usiku majirani wanalalamika. Kisha akauliza usiku wangu nimeupangia nini. Nikamtajia Ariapita Avenue, mtaa wa baa na vilabu ambao kila mgeni huelekezwa.

"Avenue itakuwepo hata kesho. Huu ni msimu wa karnivali. Njoo Charlotte Street saa tatu usiku, kwenye uwanja wa Renegades, bendi yetu ya pani. Chukua teksi mpaka getini, usitembee peke yako mtaa ule usiku. Bure, hakuna kiingilio."

Tukashuka pamoja City Gate, ambayo ndiyo iliyokuwa stesheni kuu ya treni, naye akapotea kwenye umati wa wanaowahi kazini.

Mchana wangu ulipita haraka. Nilikaa kidogo Woodford Square, bustani ambayo Eric Williams alianza kuhutubia halaiki ya watu mwaka 1955 kana kwamba ni darasa la chuo, na miaka saba baadaye akawa waziri mkuu wa nchi huru. Kwa sisi tuliopata uhuru 1961 hilo ni jambo la rika moja, na nilifurahi kulikalia benchi lake. Baadaye nikapanda mpaka Savannah, uwanja mkubwa wa majani unaozungukwa na barabara, ambako wauza madafu wameegesha magari yao. Wanalikata kwa panga, unakunywa, unalirudisha, wanalipasua na kukuchongea kijiko kutoka kwenye ganda lake ule utando. Huko kwetu ni vilevile hasa, mpaka pembe wanayoishikia panga.

Jioni nikashuka Tragarete Road kutafuta teksi ya St James. Teksi za njia ni magari madogo ya kawaida, yanayotambulika kwa namba zinazoanza na herufi H, mnakaa abiria wanne msiojuana. Humwiti dereva kwa sauti. Unamwonyesha kwa mkono upande unaokwenda, na kama ndiyo njia yake, anasimama. Mnasalimiana, mnabanana, na kila mtu anashuka pake.

St James ina mitaa inayoitwa Delhi, Calcutta, Lucknow, Benares. Hapo hufanywa Hosay mwezi wa Muharram, wakati majumba ya karatasi na matete yanapopitishwa barabarani kwa ngoma kumkumbuka Imamu Husein, na wapiga ngoma hawaulizwi dini. Usiku Western Main Road haifungi. Nilikula roti iliyochambuliwa vipandevipande, ya kuchovya kwenye mchuzi wa mbuzi, meza yangu ikiwa nusu ndani ya duka na nusu kwenye njia ya miguu. Nyimbo za soca zilitoka kila mlango, kila mlango wimbo wake, na nilikuwa tayari kumaliza usiku hapohapo. Lakini nilikuwa nimeahidi.

Uwanja wa Renegades ni eneo la wazi lililozungushiwa ukuta, na taa zake nimezikumbuka kuliko chochote. Chini yake pamesimama fremu za chuma zenye magurudumu na paa dogo, na ndani ya kila fremu kuna mtu na pani zake. Pani ni pipa la mafuta. Fundi hulididimiza kwa nyundo upande mmoja mpaka liwe bonde, huchora mipaka ya kila sauti, hulichoma moto, kisha huligonga tena taratibu mpaka kila kijisehemu kitoe noti yake. Pani ya sauti ya juu hukatwa fupi. Ya besi hubaki pipa zima, na mpigaji mmoja huzungukwa na sita, tisa au zaidi, akijigeuza kama mtu aliyezingirwa na nyuki.

Nyuma kabisa ni kikosi cha mdundo, na humo watu kadhaa hawapigi ngoma wala pani. Wanagonga dramu za breki za magari kwa vyuma. Mlio wake unaingia kwenye meno.

Historia ya chuma hicho nilikuwa nimeisoma, ila kuisoma na kusimama ndani yake ni mambo mawili. Miaka ya 1880, baada ya polisi kupambana na watu wa karnivali, serikali ya kikoloni ilizibana ngoma za ngozi kwa sheria. Watu wakakata mianzi wakaitwanga ardhini. Mianzi nayo ikapigwa vita. Wakageukia makopo ya biskuti, mapipa ya taka, na hatimaye mapipa ya mafuta, na kufikia miaka ya 1940 vijana wa mitaa maskini ya mji huu walikuwa wamelipatia pipa ngazi nzima ya muziki. Walioitwa wahuni kwa kubeba pani ndio walioipa nchi ala yake ya taifa. Nina hasira kila nikifikiria kilichokatazwa, na nina fahari ambayo si yangu kwa haki, lakini ninayo.

Mama wa maksi alikuwa mstari wa mbele, sasa kwa jinzi na fulana. Akaninyooshea kijiti, kisha hakunitazama tena.

Nilitegemea burudani. Nilichokuta ni kazi. Mwaka huo bendi kubwa iliruhusiwa wapigaji mpaka 120 kwenye Panorama, mashindano ya bendi za pani yaliyoanza 1963, na ilipewa dakika zisizozidi nane. Dakika nane hizo hujengwa usiku baada ya usiku, kwa masikio na kichwa, kwa wengi bila karatasi ya noti. Usiku ule walishikwa na kipande kimoja kifupi: besi zilishuka kwa ngazi huku pani za juu zikipanda, na mahali fulani katikati vikundi viwili vilikuwa vikipishana kwa unywele. Mimi sikusikia kosa. Mpangaji wa muziki wao alisikia. Akainua mkono, bendi nzima ikanyamaza mara moja.

Besi peke yao. Tena. Tena, polepole. Sasa pani za katikati juu yake. Simama. Kijana mmoja wa miaka kama kumi na tano aliitwa kwa jina, akapiga sehemu yake akiwa peke yake mbele yetu sote, na hakuna aliyecheka. Jirani yake mwenye mvi aliinama akamwonyesha mkono upi utangulie. Tukarudi mwanzo.

Kulikuwa na watazamaji wengi, na wao pia walikuwa kazini. Wazee wenye viti vyao vya kukunja walifumba macho na kutikisa kichwa pale kipande kilipokwama. Msichana mmoja aliyelala begani kwa baba yake hakuamka hata dramu za breki zilipoanza. Nilihama nikasimama katikati ya fremu mbili, jambo ambalo pale linaruhusiwa, na sauti ikanifikia kwa miguu kabla ya masikio. Mtu anayesikiliza pani kwa redio anasikia kengele. Ukiwa ndani unasikia vyuma mia vikivuta pumzi pamoja.

Ilikuwa imeshapita saa sita mpangaji aliposema kitu kifupi, na wakaunganisha. Kuanzia mwanzo, bila kusimama. Kile kipande kilipofika, besi zikashuka, pani za juu zikapanda, na safari hii vikakutana palepale. Uwanja ukalipuka: wapigaji wenyewe walikuwa wakiruka ndani ya fremu huku mikono ikiendelea kufanya kazi, fremu zinacheza kwenye magurudumu, wazee wamesimama juu ya viti. Nililia, na sioni haja ya kulieleza hilo zaidi.

Baadaye nje ya geti tulikunywa supu ya mahindi, ile nzito yenye vipande vya gunzi, dengu zilizopondeka na vidonge vya unga, mchuuzi akiichota kwenye sufuria la moto. Mama alinionyesha vidole vyake vyenye sugu. Kazini anaingia saa mbili asubuhi.

"Na kesho usiku?"

"Kesho usiku ni hapa. Na keshokutwa." Akapuliza supu. "Bado dakika nzima ya mwisho haijatufurahisha."

Tobago, kisiwa jirani niliyokuwa nimeipangia, sikwenda. Usiku zote zilizobaki nilikuwa Charlotte Street.

Tarehe 10 Februari, siku ya fainali ya Panorama, nilikuwa nimesharudi kwenye theluji ya Toronto, nikiwafuatilia kwa intaneti. Renegades waliposukumwa jukwaani Savannah niliongeza sauti mpaka mwisho. Nilikisubiri kile kipande. Besi zikashuka, nikajua ni nani anayetangulia na mkono upi, nikapiga kelele mpaka jirani wa juu akagonga sakafu. Usiku huo walichukua ubingwa wa bendi kubwa.