Isibaki nafasi hata mlangoni

Jumamosi ya tarehe 18 Februari 2012 tulisali jumuiya, ile sala ya kila wiki ya majirani Wakatoliki, saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwenye kibaraza cha bibi mmoja mjane, Kimara, Dar es Salaam. Tulikuwa watu kumi na saba, mikeka miwili na viti vya plastiki vya kuazima. Mimi nilikuwa mhazini, na kaunta buku ya michango nilikuwa nimeibana kwapani kama kawaida.

Humo ndani kulikuwa na jina la baba mmoja, seremala, lililopigiwa mstari wa wino mwekundu: deni shilingi 15,000, mchango wa msiba na ujenzi wa kigango, tawi la parokia yetu. Miezi minane kabla nilikuwa nimelisoma hadharani wakati wa matangazo. Aliondoka kabla ya sala ya kufunga, hakurudi tena. Desemba akapata kiharusi, upande wa kulia ukapooza na ulimi ukawa mzito. Kila Jumamosi tulisema tutakwenda kumwona, na kila Jumamosi ilipita. Wapo waliosema wazi kwamba asiyesali jumuiya asiitegemee jumuiya. Msemo huo una nguvu, maana bila barua ya jumuiya mtu huhangaika kubatiza mtoto, kufunga ndoa, hata kumzika mzazi wake. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipozipa jumuiya ndogo ndogo kipaumbele mwaka 1976, nia ilikuwa majirani wajuane na wasali pamoja. Kaunta buku ilikuja baadaye, ikajitafutia kiti cha mbele.

Tulifuata hatua saba za Lumko, taasisi ya kichungaji ya Afrika Kusini, za kusoma na kusali Injili pamoja. Kwanza mtu mmoja anamwalika Bwana kwa maneno mafupi ya kwake, kisha linasomwa somo, taratibu. Tulisoma Injili ya kesho yake, Marko 2:1-12, mtu mwenye kupooza aliyebebwa na watu wanne hadi kwa Yesu, umati ukawazibia mlango, wakamshusha kwa kutoboa paa. Hatua ya tatu kila mmoja anachagua kifungu kifupi na kukitamka mara tatu kisala, akiacha kimya katikati, bila kueleza chochote. Halafu ukimya, dakika tatu hivi. Jumuiya nyingi huukatisha kwa wimbo kwa sababu unawatisha, na ukishakatwa, kushirikishana kwa hatua ya tano kunageuka mahubiri, au vijembe. Dawa yake ni moja: sema "mimi", usiseme "ninyi".

Wengi walichagua yale yale ya siku zote, "umesamehewa dhambi zako", "jitwike godoro lako". Bibi mwenye nyumba akachukua kipande kisichochukuliwa na mtu: "Isibaki nafasi hata mlangoni." Mara tatu. Zamu ya kushirikishana ilipomfikia akasema, "Mimi, wanangu, nimejitafuta kati ya wale wanne waliobeba, sijajiona. Nimejikuta mlangoni. Nimeziba."

Hakumtaja mtu. Kijana mmoja fundi ujenzi akaongeza kuwa yeye aliiwazia ile paa. Nyumba za kule zilikuwa na paa bapa la miti, matete na udongo ulioshindiliwa. Ukilitoboa, vumbi lote linawamwagikia waliokaa chini wanasikiliza. Na Marko anasema Yesu aliiona imani *yao*, ya wale wabebaji, ndipo akamwambia mgonjwa amesamehewa.

Hatua ya sita, ya kutafuta la kutenda, ndiyo huliwa na matangazo na michango. Inatakiwa itoke na kazi ndogo yenye mtu, siku na saa. Nilikuwa nimeshaanza kufungua kurasa. Mwenyekiti akasema, "Mhazini, hebu funga hilo daftari kwanza." Tukateuliwa wanne, twende kwa yule seremala saa kumi jioni.

Mkewe alisema karibuni bila kutabasamu. Mgonjwa alikuwa na kidonda mgongoni. Mtu wa namna ile anatakiwa kugeuzwa kila saa mbili, na mama yule alikuwa peke yake usiku na mchana, wiki ya kumi. Tukaandika zamu palepale: kina baba wawili jioni kumwogesha na kumgeuza, kina mama mchana, vijana wawili wapokezane usiku ili mke alale. Nikamwomba mgonjwa radhi. Aliniangalia kwa muda, akasema kitu ambacho sikukishika. Mkewe akakirudia: "Anauliza, bado ni ile elfu kumi na tano, au imezaa?"

Alhamisi padri alikuja kwa sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa. Mezani tuliweka kitambaa cheupe, msalaba, mishumaa miwili, maji ya baraka, pamba ya kufutia mafuta na glasi ya maji. Padri tulikuwa tumemwambia mapema kwamba mgonjwa anameza kwa shida, kwa hiyo alimpa kipande kidogo tu cha Hostia, mkate wa Komunyo. Jirani mmoja alipomwona padri akaangua kilio, akidhani ndiyo mwisho. Ndivyo watu wanavyoujua mpako, kwa hiyo padri huitwa mgonjwa akiwa hawezi hata kuungama. Huyu aliweza. Tulitoka nje wote, tukakaa chini ya mwembe karibu nusu saa. Tuliporudi akapakwa kwenye paji la uso na viganjani. Mkono wa kulia mkewe aliukunjua kidole kimoja kimoja.

Jumamosi iliyofuata jumuiya ilisali kwake, yeye akiwa ameegemezwa kwa mito. Injili ilikuwa ya Dominika ya kwanza ya Kwaresima, Marko 1:12-15, Yesu akijaribiwa jangwani. Hatua ya tatu wengine walitamka "tubuni", wengine "wakati umetimia". Kisha tukamsikia anahangaika na neno, tukangoja. "Wa... nyama... wa mwitu." Mara tatu, kama inavyotakiwa, karibu dakika mbili nzima, huku macho yake yakitupitia mmoja mmoja, nami akanikawilia kidogo. Mkewe ndiye aliyeanza kucheka, akafuata yeye, kwa upande mmoja wa mdomo, na hatua ya nne siku ile haikupata ukimya wowote.