Siku ya fundi hita: maji yanatoka wapi?

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi simu inaita, nami bado nafunga kamba za viatu. "Fundi, hita inavuja. Pita mara moja unikazie nati." Wateja wengi wameshaujua ugonjwa na dawa yake, mimi naitiwa spana tu. Namuuliza mzee kama amezima umeme. Anashangaa, umeme na maji kuvuja wapi na wapi? Namwomba azime breka ya hita, na palipolowa asipakanyage.

Saa moja mpaka saa tatu ni koki za sinki na tangi la choo. Hakuna la kusimulia.

Saa tatu na nusu nafika. Hita imesimama kwenye kijistoo chembamba. Ni ya lita 150, na kibandiko cha kiwandani kinaonyesha ina miaka 14. Hita za tangi nyingi huchoka kati ya miaka 10 na 15, kwa hiyo tayari nina wasiwasi, ila umri peke yake si ushahidi. Naanza na mita. Naijaribu kwanza kwenye soketi yenye umeme nione kama inasoma, kisha napima nyaya za hita, kisha narudi kwenye soketi. Mzee kasimama nyuma yangu. "Si nimeshazima breka?" Umezima, mzee. Lakini breka iliyobandikwa jina lisilo lake nimekutana nayo sana.

Sasa inaanza ile sehemu ya kazi ambayo kwa anayetazama ni uvivu mtupu. Maji huwa hayadondoki pale yalipotokea. Yanaweza kuponyokea kwenye kiungo cha juu, yakateremka kati ya tangi na ganda la nje, yakaja kuonekana sakafuni. Kwa hiyo nakausha hita nzima kwa kitambaa, kisha napitisha karatasi laini kila kiungo, kuanzia juu. Unyevu ambao jicho halioni, karatasi huubaini papo hapo. Bomba la maji baridi lina ukoko wa kijani. "Ndiyo hapo, kaza!" Nagusisha karatasi, kavu. Hilo ni vujo la zamani lililojiziba lenyewe kwa chokaa. Nageukia valvu ya usalama, na hapo nasimama kidogo, kwa sababu bomba lake la kutolea maji lina kizibo.

"Nani ameweka hiki, mzee?"

"Mimi. Lilikuwa linadondosha, nikaliziba."

Nakaa chini kabisa ili nisipandishe sauti. Maji yakipashwa kutoka nyuzi 10 hadi 60 hutanuka kwa karibu asilimia 1.7, yaani kwenye tangi hili ni kama lita mbili na nusu zisizo na pa kwenda endapo kuna valvu inayozuia maji kurudi nyuma. Shinikizo likizidi, valvu ya usalama inatema. Ikidondosha kila hita inapowaka, anayetafutwa ni anayeleta shinikizo, valvu inafanya kazi yake. Ukiiziba, kisha themostati, kile kifaa kinachozima hita maji yakishapata moto, ikanata, maji yanapita nyuzi 100 yakiwa yamefungiwa. Siku tangi linapasuka, sehemu ya maji hayo inageuka mvuke kwa mkupuo, na lita moja ya maji ni zaidi ya lita 1,600 za mvuke. Mzee ananisikiliza, kisha anauliza, "Sasa nati utaikaza saa ngapi?"

Kizibo kinaingia mfukoni mwangu, hakirudi.

Nafungua kifuniko cha elementi ya chini, ile inayopasha maji. Gasketi nzima, sponji kavu. Koki ya kutolea maji nayo kavu. Inabaki sehemu moja. Nalala ubavu na tochi, nafuta mshono wa chini wa tangi, nangoja. Tone linajikusanya polepole, la rangi ya chai, linaanguka. Nafuta tena. Linarudi palepale.

"Basi chomelea," mzee anasema.

Haichomelewi. Ndani, chuma kimepakwa kioo chembamba, na moto wa kuchomelea unakibandua kioo hicho. Kinachokilinda chuma kwenye nyufa ni fimbo ya anodi, madini yanayokubali kuliwa na kutu badala ya tangi. Ilipaswa kukaguliwa kila baada ya miaka michache. Haamini. Anataka aione. Nafunga maji, nashusha shinikizo, natia spana ya milimita 27, naning'inia kwenye mpini mrefu mpaka bega linalia. Inatoka. Ni waya mtupu, una vinundu viwili vitatu. Anampigia fundi mwingine, anaweka spika. Yule anauliza swali moja tu, "Linavuja kwenye mwili wa tangi?" Ndiyo. "Badilisha." Mzee anakata simu bila kuaga.

Kumwaga maji ndiko kulikonimaliza. Sijui ilikuwa saa ngapi. Koki imezibwa na magamba ya chokaa, inatoa kauzi kembamba, inakauka. Napuliza mpira, nachokonoa kwa waya, nasubiri, napuliza tena. Ndoo, mlango, ndoo. Tangi likabaki na tope ndani, zito kuliko linavyopaswa kuwa. Tukakubaliana jipya lifungwe kesho. Nilipotaja ujira wa leo akasema, "Lakini hujatengeneza kitu." Tulibishana mlangoni hadi akalipa nusu.

Jioni, nyumba nyingine, maji hayapati moto. Nazima breka, napima, nafungua kifuniko cha juu: kitufe chekundu, kile kinachokata umeme joto likizidi, kimeruka, na chini yake waya mmoja umelegea hadi plastiki imeungua. Waya ukilegea hupata joto, na joto hilo hukirusha kitufe. Nakata palipoungua, nakaza, nabonyeza, tii. Haikufika nusu saa. Mama mwenye nyumba alifurahi, akalipa bila kuuliza, akasema mafundi kama mimi wamebaki wachache. Kisha akanieleza kuhusu dada yake ambaye bomba zake zinatoa maji ya kutu. Nikamwomba amuulize kwanza, kutu hiyo iko kwenye maji ya moto tu, au hata ya baridi?