Mwandishi wa nyaraka aitwe mapema

Hapa Kisumu, mtu akisikia kwamba kazi yangu ni kuandika nyaraka za mifumo ya kompyuta, hudhani kuwa wahandisi hunikabidhi programu iliyokwisha kukamilika, nami nikabaki kuipamba kwa maneno. Dhana hiyo ndiyo inayozaa nyaraka zisizosomwa na mtu. Programu humweleza ajuaye kuisoma inafanya nini. Kwa nini ilijengwa hivyo, na njia zipi zilikataliwa, haisemi.

Tuchukue mfumo wa Sacco ambayo wanachama wake, wengine wakiwa Ahero na Muhoroni, huweka akiba kwa M-Pesa. Mchoro niliopewa ulionyesha malipo kwa mshale mmoja tu, kutoka kwenye simu hadi kwenye hifadhidata, ilhali majibu huja mawili: la kwanza huthibitisha tu kwamba ombi limepokelewa, na la pili, linaloletwa kwenye seva, yaani kompyuta inayoendesha mfumo, baada ya mwanachama kuingiza namba yake ya siri, ndilo linaloeleza iwapo fedha zimelipwa. Nikauliza itakuwaje jibu hilo la pili likifika seva ikiwa imezimika. "Dada, hiyo haitokei sana," akasema mmoja wa wahandisi. Mwenzake alisema mfumo utauliza upya hali ya muamala. Wa tatu alijua fika kwamba mhasibu hulinganisha hesabu kila jioni. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa limeandikwa popote.

Kwa maamuzi ya namna hii mimi hufuata mtindo alioueleza mhandisi wa programu Michael Nygard mwaka 2011: kila uamuzi mzito hupewa waraka mfupi wenye mazingira yake, uamuzi wenyewe, hadhi yake (kama umependekezwa tu au umekubaliwa) na matokeo yake, nao huhifadhiwa pamoja na programu. Uamuzi ukibadilishwa, waraka wa zamani haufutwi, bali huwekewa alama kwamba nafasi yake imechukuliwa na mwingine. Michoro nayo ina kazi yake, ingawa mingi niionayo imechorwa kwa ajili ya wafadhili kuliko kwa mhandisi atakayeamshwa usiku mfumo ukikwama.

Wale watatu walikubaliana kwamba mfumo uulize upya, na ulinganishaji wa jioni ubaki kama kinga. Sehemu ndefu zaidi ya waraka wa uamuzi huo ni ya matokeo, kwa kuwa mhasibu alishikilia iandikwe bayana nani atapigiwa simu hesabu zisipolingana.