Siku moja maishani mwangu: mdadisi wa matone ya vitamini A

Saa kumi na moja alfajiri ninahakikisha kishikwambi kimejaa chaji, ninahesabu fomu za ridhaa, kisha ninatia mkobani picha ya kapsuli mbili: ya bluu yenye yuniti 100,000, ya watoto wa miezi 6 hadi 11, na nyekundu yenye 200,000, ya miezi 12 hadi 59. Utafiti wetu katika wilaya ya Mvomero, mkoani Morogoro, Tanzania, unataka kujua ni watoto wangapi waliopata matone ya vitamini A mwezi Juni, katika Mwezi wa Afya na Lishe ya Mtoto.

Saa mbili ninasaini kitabu cha wageni kwa mtendaji wa kijiji, na mwenyekiti wa kitongoji ananiongoza kwenye kaya zilizochaguliwa kwa kura. Nikimkosa mwenyeji, siruhusiwi kwenda kwa jirani, ninarudi jioni. Mama aliyekwenda shamba leo huenda ndiye yule yule aliyekuwa shamba siku ya matone, na tukimruka tutapata picha nzuri isiyo ya kweli.

Saa tatu na nusu ninaketi kwenye mkeka chini ya mwembe, na mwenyeji wangu anaendelea kuchambua mchicha. Baada ya kumsomea fomu ya ridhaa na yeye kukubali, ninamuuliza kama mwanawe wa miaka miwili alipewa matone ya vitamini A katika miezi sita iliyopita.

“Ndiyo, alipewa matone.”

Jibu hilo halinitoshi, kwa sababu chanjo ya polio nayo ni matone, na kadi ya kliniki ililowa paa lilipovuja hata wino ukafutika. Sithubutu kumuuliza, “Ilikuwa nyekundu, sivyo?” kwani mtu mstaarabu humkubalia mgeni. Ninamwonyesha picha, ninamwomba anisimulie siku ile, kisha ninanyamaza. Anaacha mchicha.

“Nesi alikata ncha kwa mkasi, akamkamulia mdomoni. Mafuta mengine yakamwagikia shavuni, nikayafuta kwa kanga.”

Mkasi na mafuta! Matone ya polio hutoka kwenye kichupa na hayahitaji mkasi. Ninaandika ndiyo, na katika sehemu ya chanzo cha taarifa ninachagua kumbukumbu ya mama, si kadi.

Saa sita, kwenye kaya ya nne, bibi anayelea mjukuu ananiuliza kwa upole, “Mwanangu, nikisema hakupata, mtatuletea?” Ninamweleza kwamba majibu yake hayatampa wala kumnyima msaada, na kwamba mjukuu atapata matone mwezi Desemba akipelekwa kituoni. Ushauri wa viazi lishe, maboga na mchicha uliotiwa mafuta kidogo, maana vitamini hii huyeyuka katika mafuta, ninautoa baada ya swali la mwisho tu. Nikiutanguliza, nitakuwa nimemfundisha majibu.

Mchana jua ni kali na kaya mbili nazikuta zimefungwa. Nikichoka hukumbuka Aceh, Indonesia, ambako utafiti wa daktari wa macho Alfred Sommer na wenzake, uliochapishwa mwaka 1986, ulionyesha kuwa vifo vya watoto wadogo katika vijiji vilivyopewa vitamini A vilipungua kwa takriban theluthi moja. Huko nako kulikuwa na watu waliopita nyumba kwa nyumba wakiuliza, na kama wangejaza majibu kwa kubahatisha, dunia isingejua faida hiyo.

Saa kumi na moja jioni ninarudi kwenye zile kaya mbili. Moja wamerejea, ya pili ninaiandikia ziara nyingine.

Saa mbili usiku, baada ya kutuma taarifa, msimamizi ananipigia simu: katika kaya ya sita nimeandika mtoto wa miezi 9 aliyepewa kapsuli nyekundu mwezi Juni. Ama nimekosea umri, ama mama amekosea rangi, ama mtoto alipewa dozi isiyo yake. Kubadilisha rangi hapa mezani ni kugusa kioo mara moja tu, lakini sitaigusa. Nimeweka juu ya mkoba kalenda ya matukio ya kijiji, ya kumsaidia mama kukumbuka mwanawe alizaliwa lini, na kesho nitaanzia kaya ya sita.