Tanga la Vizibo Kando ya Thames

Ami alianza ubishi treni ilipoondoka tu Milton Keynes. Kwake sanaa ni mlango wa Unguja: mbao, patasi, na fundi asiyeiacha kazi mpaka nakshi zikae sawa. Hii inayoitwa sanaa ya kisasa, akasema, ni kuchezea watu akili kisha ukalipwa. Mimi nami nikachochea moto kwa kumtajia matofali ya Carl Andre, msanii wa Marekani: matofali 120 yaliyopangwa sakafuni kwa tabaka mbili, bila udongo wala saruji. Tate, makumbusho ya sanaa ya Uingereza, iliyanunua mwaka 1972, na magazeti ya Uingereza yakaja juu mwaka 1976. "Hata ukuta hakujenga?" akauliza. Hilo likawa ndilo neno lake mpaka Euston, stesheni ya London.

Ilikuwa Februari 2024, baridi na upepo wa mtoni. Tukatokea upande wa kanisa la St Paul's, tukavuka Thames kwa daraja la waenda kwa miguu hadi Tate Modern, jengo lililokuwa kituo cha kufua umeme kabla ya kufunguliwa kama makumbusho mwaka 2000. Bomba lake la moshi bado lipo.

Turbine Hall, ukumbi uliokuwa wa mitambo, una kimo cha mita 35 hivi. Humo ndimo alimotundika kazi yake El Anatsui, mzaliwa wa Ghana mwaka 1944 aliyefanya kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria. Cha kwanza kuonekana ni tanga. Tanga hasa, limefura utadhani limepata upepo, na ndani yake mwezi mwekundu. Ami alinyamaza. Ujanani alifanya kazi majahazini, matanga ameyashona kwa mkono wake, kwa hiyo macho yake hayakwenda kwenye mwezi, yalitafuta mishono.

Mishono tuliiona vizuri mwisho wa ukumbi, kwenye pazia kubwa jeusi linaloteremka mpaka sakafuni. Si kitambaa. Ni vizibo vya chupa na vile vikanda vyembamba vya shingoni mwa chupa, maelfu kwa maelfu, vimepondwa vikawa bapa, vikatobolewa pembeni, kila kimoja kikafungwa kwa mwenzake kwa waya wa shaba.

"Pombe hii," Ami akasema, akarudi nyuma hatua moja.

Ndiyo, ni vya pombe, na nguvu ya kazi yote imo humo. Pombe kali ilikuwa miongoni mwa bidhaa ambazo merikebu za Ulaya zilipeleka pwani ya Afrika Magharibi kubadilishwa kwa watu waliofanywa watumwa. Watu wakavushwa Atlantiki kwenda kulima miwa. Na jina la Tate ni la Henry Tate, aliyetajirika kwa kusafisha sukari. Tanga lile lingeshonwa kwa kitambaa cha marekani, tungelisifu ukubwa tukaondoka. Limeshonwa kwa vizibo vya pombe, likatwekwa ndani ya nyumba yenye jina la tajiri wa sukari: linashtaki. Kuchagua vile ni ufundi, na ni mgumu kuliko wengi wanavyodhani.

Ami akataka kujua nani kashona. Nikamwambia Anatsui ana wasaidizi wengi. Nilitegemea aliparamie hilo, lakini akatikisa kichwa taratibu: hata jahazi haliundwi na mtu mmoja, akasema, na bado watu hulitaja kwa jina la fundi mkuu.

Katikati ya ukumbi vilining'inia vipande vyepesi mithili ya watu walioachwa hewani. Ukisimama mahali fulani, vyote hukutana vikawa duara moja, dunia. Ami alipatafuta mahali hapo kwa subira, akapapata kabla yangu, akaniita kwa sauti.

Njiani kurudi matofali yakarudi. Nikamkumbusha ubishi wa washairi wetu miaka ya 1970, wanamapokeo waliposema ushairi huru usio na vina na mizani si ushairi. "Na guni ni guni mpaka leo," akajibu, akimaanisha shairi lisilotimiza vina na mizani. Lakini Ami, hata hilo guni twaliita shairi guni! Matofali yale mimi hayanigusi, ila siwezi kuyanyima jina la sanaa kwa sababu hiyo. Hakukubali. Aliyeunga vizibo kamkubali; aliyepanga matofali, kwake, bado hajaonyesha kazi, na ataka ayaone kwa macho yake kabla hajarudi Unguja.