Vaghar, bhuna, dum: maneno ya jiko la Kihindi na kazi yake motoni

Mapishi ya Kihindi yana maneno ya aina mbili. Yapo majina ya vitu: jeera, haldi, methi, hing. Na yapo majina ya kazi inayofanyika motoni: vaghar, bhuna, dum. Wapishi wengi hapa Arusha huhangaika na yale ya kwanza, wakazunguka Soko Kuu na soko la Kilombero kusaka viungo, na bado mchuzi ukatoka na ladha ya unga mbichi wa bizari. Kasoro iko kwenye yale ya pili. Viungo vya pilau vilivyomo kabatini vinatosha kupika mchuzi mzuri wa Kihindi, mradi ujue kila neno linataka ufanye nini.

Tuanze na vaghar. Vitabu na video nyingi huita tadka, wengine chaunk au baghar. Wahindi wengi wa Tanzania asili yao ni Gujarat na Kutch, ndiyo maana dukani mjini utasikia zaidi vaghar. Ni kukaanga viungo vizima kwenye mafuta ya moto ili harufu yao iingie kwenye mafuta, kisha kuyamimina juu ya chakula kilichoiva, au kuendelea kupika humo humo.

Kwa kikombe kimoja cha dal iliyopikwa, yaani mchuzi wa kunde zilizopasuliwa, tumia vijiko viwili vya chakula vya samli. Ipashe moto wa wastani, udondoshe punje moja ya haradali. Ikipasuka papo hapo, mafuta yako tayari. Tia nusu kijiko cha chai cha haradali ufunike, maana zitarukaruka. Mlio ukipungua, tia kijiko cha chai cha binzari nyembamba. Hizo zinahitaji sekunde kumi hadi kumi na tano tu. Ndipo vifuate pilipili kavu mbili, kitunguu saumu kilichokatwa na chembe ya hing, ule unga wa utomvu wenye harufu kali, ambao ukizidisha utafunika kila kitu. Manjano na pilipili ya unga huingia mwisho kabisa, moto ukiwa umezimwa, kwa sababu unga huungua haraka kuliko punje. Mimina mara moja ufunike sufuria dakika mbili.

Mpangilio huo una sababu. Haradali inahitaji joto kali na muda mrefu kuliko binzari. Ukizitia pamoja, moja itabaki mbichi au nyingine itaungua. Binzari ikishakuwa nyeusi, mwaga ukaanze upya. Uchungu wake hauondolewi na chumvi, sukari wala nyanya. Ukitumia karipata, yale majani mabichi ya kunukisha mchuzi, yafute maji kabla hayajagusa mafuta, la sivyo yatakurukia usoni.

Sasa bhuna, na hapa ndipo mchuzi mwingi unapoharibikia. Bhuna ni kukaanga kitunguu, tangawizi, saumu, nyanya na viungo vya unga mpaka maji yote yaishe na mafuta yajitenge pembeni. Maji yakiwa bado yamo, joto la sufuria halivuki joto la kuchemka, kwa hiyo viungo vinatokota tu. Maji yakiisha joto hupanda, na harufu ya viungo, ambayo sehemu kubwa huyeyuka kwenye mafuta na si kwenye maji, ndipo inapotoka.

Kwa nusu kilo ya kuku chukua vitunguu maji vitatu vya wastani, na vile vyekundu vya Mang'ola vinafaa sana, vijiko vinne vya chakula vya mafuta na chumvi kidogo. Chumvi huvuta maji ya kitunguu yatoke mapema. Kaanga bila kufunika dakika kumi na tano hadi ishirini, mpaka kiwe cha kahawia, si cha njano. Tia kijiko cha chakula cha saumu na tangawizi vilivyotwangwa, dakika mbili. Kisha kijiko kimoja na nusu cha chai cha giligilani, kimoja cha binzari nyembamba, nusu cha manjano, na pilipili upendavyo, vyote vikiwa vimekorogwa kwa maji kidogo ili visiungue. Baada ya nusu dakika weka nyanya tatu zilizosagwa. Hizo ziachie dakika kumi, na chini ikishika, ongeza vijiko viwili vya maji ukwangue. Ukiona mafuta yanang'aa kando na rojo linasogea lote kwa pamoja ukilisukuma, ndipo kuku aingie.

Mafuta yakikataa kujitenga, sababu huwa mbili: umeweka machache mno, au umefunika sufuria na mvuke ukarudi ndani. Kumimina maji ya mchuzi kabla ya dalili hiyo ndiko kunakoleta ile ladha ya nyanya mbichi.

Dum haitawapa shida watu wa pilau. Ni kupika kwa mvuke ndani ya sufuria iliyozibwa, moto mdogo chini na makaa juu ya mfuniko, kama tunavyopalia pilau. Kwa biriani, mfuniko huzibwa kwa donge la unga wa ngano. Wali uchemshwe kwanza hadi punje ukiing'ata iwe laini nje na kiini bado kigumu. Ukiiva kabisa kabla ya dum utapata bokoboko. Dakika ishirini na tano motoni, kumi za kutulia, na usifunue katikati.

Kwenye majina ya viungo, jihadhari na neno binzari. Sokoni unaweza kupewa manjano au unga wa mchuzi. Jeera ni binzari nyembamba, haldi ni manjano, dhania ni giligilani, na majani yake mabichi ni kotimiri. Methi ni uwatu, lakini kasuri methi ni majani makavu ya mmea huo huo, yanayofikichwa juu ya mchuzi mwishoni. Usiweke mbegu badala yake, utapata uchungu tu. Dhana jiru ya Wagujarati ni giligilani na binzari nyembamba zilizosagwa pamoja, kwa kawaida vipimo viwili kwa kimoja. Garam masala ni mchanganyiko wa iliki, karafuu, mdalasini, pilipili manga na wenzake. Nusu kijiko cha chai dakika tano kabla ya kuepua. Ukiitia mwanzoni, harufu itaishia hewani.

Dal ni punje za jamii ya kunde zilizopasuliwa, na pia mchuzi wake. Moong ni choroko, chana ni dengu, masoor ni adesi. Tuvar ni mbaazi iliyokobolewa na kupasuliwa, zao ambalo Babati na Karatu hulima kwa wingi na India hununua. Mbaazi nzima yenye ganda itachukua muda mrefu zaidi, kwa hiyo usifuate dakika za tuvar.

Na hata ukiwa na tuvar yenyewe, ongeza muda. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Moshi, iliyo chini zaidi, karibu 97. Mapishi yaliyoandikwa pwani yatakuangusha. Loweka nusu saa, maji vikombe vitatu kwa kimoja cha dal, kisha presha kuka mpaka filimbi nne au tano. Ukwaju na nyanya vingoje dal ilainike, kwa sababu uchachu huzuia punje kulegea.

La mwisho ni dahi, yaani mtindi. Mtindi wetu ni mwepesi na mchachu zaidi, kwa hiyo wa kulowekea nyama uchuje kwa kitambaa saa moja. Wa kutia kwenye mchuzi, upige kwanza na kijiko cha chai cha unga wa dengu kwa kila kikombe, upunguze moto, uutie kijiko kimoja kimoja huku ukikoroga. Ukiumimina wote kwa mpigo kwenye mchuzi unaotokota, utakatika.